Nchi ya Andisoma katika vitabu vya wageni

Marabo ni ya usultani wa Andisoma, katika teritwari ya Irumu. Mara nyingi watu wa pande hizi husema ya kuwa kwao hakuna vitabu vya historia, na ya kuwa habari za kale zimekwenda kaburini pamoja na wazee. Neno hilo ni kweli nusu tu. Vitabu viko, tena si kimoja. Lakini vilipigwa chapa London na Berlin zaidi ya miaka 130 iliyopita, na humo nchi inaitwa Undussuma.

U hiyo imetoka wapi? Stanley alikuja pamoja na Waungwana wa Unguja, nao walizoea kutia U mbele ya jina la nchi: Uganda, Unyoro, Unyamwezi. Uiondoe, usome polepole, nawe utasikia Andisoma. Mimi sioni jina lingine la huku linalofanana nalo vizuri zaidi.

Stanley alitokea msituni mwezi wa Desemba 1887, akimtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria, upande wa Ziwa Albert. Mwenye nchi alikuwa Sultani Mazamboni. Wageni wakapanga kambi juu ya kilima, wenyeji wakapaza sauti toka ng'ambo ya bonde, mkalimani akawajibu. Basi, kitabu chasema walisikia neno wasijue kama ni kanwana, yaani amani, ama kurwana, yaani vita. Wakauliza tena, wakaambiwa ni amani. Zawadi za nguo na za nyaya za shaba zikapelekwa kwa sultani. Kesho yake likaja jibu la vita, na vijiji vikachomwa moto.

Sisi tuliosoma seminari kubwa tulifundishwa kumwuliza kila mwandishi: Nani alikuambia? Habari hii yote ni ya mdomo mmoja. Usiku ule Mazamboni alikaa barazani na wakubwa wake, wakashauriana juu ya watu wenye bunduki waliotoka msituni bila kualikwa. Walisema nini? Kitabu hakijui, wala hakisikitiki kwa kutojua.

Lakini huyo Mazamboni, mwezi wa Aprili 1888, alichanjana udugu wa damu na Jephson, mmoja wa wazungu wa Stanley. Na mwaka 1889 Stanley alilala mgonjwa sana katika nchi yake karibu mwezi mzima, mpaka Mei. Mwenye kuchomewa nyumba alimpokea mwenye kuzichoma. Ningependa kusikia jambo hilo likisimuliwa na mtu wa Andisoma.

Kitabu chenyewe, In Darkest Africa, Stanley alikiandika Cairo kwa siku kama 50, kikatoka mwaka 1890 kwa mabuku mawili. Jina lake lasema giza letu. Mwaka uleule William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, aliliiga jina hilo kwa kuandika juu ya maskini wa Uingereza: giza halikuwa mbali na nyumba ya mpiga chapa! Jephson naye alitoa kitabu chake mwaka 1890, na mganga wao Parke mwaka 1891.

Mimi nampendelea Stuhlmann. Alikuja mwaka 1891 pamoja na Emin, aliyekuwa sasa mtumishi wa Wadachi. Ndui iliwapiga. Tarehe 10 Desemba 1891, pale Undussuma, wakaachana: Stuhlmann akaondoka na wazima, Emin akabaki na wagonjwa. Mwezi wa Oktoba 1892 Emin aliuawa katika misitu ya magharibi. Kitabu cha Stuhlmann, cha mwaka 1894, ni cha mtu anayetazama nyumba, mimea na vyombo. Stanley alikuwa na haraka.

Haraka hiyo ina hatari kwetu. Stanley aliwagawanya watu wa uwanda huu kuwa Bavira wakulima na Wahuma wachungaji. Mtu akitaka kuchukua kurasa hizo kama hati ya shamba, aangalie. Baada ya vita iliyoua watu wengi Nyankunde mwezi wa Septemba 2002, maneno ya namna hii si mchezo. Stanley aliuliza chakula na njia, mipaka hakuiuliza. Ikiwa jina la nchi lenyewe lilimshinda kuandika, tumwamini vipi juu ya mwenyeji na mgeni?

Karatasi za Stanley zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Lakini vitabu hivi vya kale husomwa leo bure hata kwa simu, kwa Kiingereza na Kidachi. Kazi iliyobaki si kubwa: kufasiri kwa Kiswahili chetu zile sura za Undussuma tu, kuzisoma kwa sauti barazani Marabo, na kuandika majibu ya wazee pembeni. Tungeanza na kilima cha kambi ile ya Desemba 1887. Stanley aliliandika jina lake Nzera-Kum. Wazee watuonyeshe ni kipi, nao watuambie kinaitwaje kweli.