Fahamu Sababu za Mawimbi ya Redio za Ridhaa Kutofautiana Kati ya Same Mjini na Milima ya Upare

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Novemba 2009 maporomoko ya ardhi yaliyosababishwa na mvua yaliikumba Goha, wilayani Same, Mkoa wa Kilimanjaro, na watu wasiopungua 20 walipoteza maisha. Katika maafa ya namna hiyo barabara hukatika na minara ya simu huweza kunyamaza kwa kukosa umeme. Redio za ridhaa, yaani zinazoendeshwa na watu binafsi kwa kujifunza na kuwasiliana bila malipo, hutumika sehemu nyingi duniani kuziba pengo hilo. Je, mtu aliyeko Same Mjini atasikika Gonja, upande wa pili wa milima?

Jibu linategemea masafa, saa, na mahali hasa alipo msikilizaji. Matangazo ya FM ya megahezi 100 yana wimbi la urefu wa mita 3 tu, na wimbi hilo husafiri karibu kwa mstari mnyoofu. Mlima ukisimama mbele, nyuma yake hubaki kivuli. Ndiyo maana hatua chache kutoka bondeni kwenda kilimani huweza kurudisha kituo kilichokuwa kimepotea.

Masafa ya chini yana tabia nyingine. Kanda ya ridhaa ya kilohezi 1,810 hadi 1,850 ina wimbi la takriban mita 160, na ile ya kilohezi 472 hadi 479 lina takriban mita 630. Kwenye kilohezi 137 wimbi moja hufikia karibu mita 2,190, urefu unaokaribia kimo cha Shengena, kilele cha juu kuliko vyote Upare, chenye mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Wimbi la namna hiyo hujipinda na kuuzunguka mlima, likifuata uso wa ardhi. Hata hivyo, ardhi yenyewe hutoza ushuru: udongo mkavu wa tambarare za Same hulidhoofisha haraka kuliko udongo wenye unyevu, na maji ya bahari hulipitisha vizuri zaidi. Wakazi wa Tanga na Unguja wana bahati hiyo, Same haina.

Mchana, tabaka la chini la ionosfia, kilomita 60 hadi 90 angani, hunyonya mawimbi haya yanapopanda. Jua likizama tabaka hilo hufifia, mawimbi huakisiwa na tabaka la juu zaidi, na vituo vya mbali huanza kusikika.

Kwa mahitaji ya dharura ndani ya wilaya, kanda za megahezi 7 na 3.5 zina manufaa zaidi. Antena ya waya ikitandazwa mita chache juu ya ardhi, mawimbi hurushwa karibu wima, yakagonga ionosfia na kurudi chini kama mvua, yakiangukia pande zote mbili za mlima. Kwa kawaida megahezi 7 hufaa mchana na 3.5 usiku.

Linalosahaulika mara nyingi ni kelele. Mjini, nyaya za umeme, taa na vifaa vya kuchajia hutoa mivumo inayozama katika masafa ya chini. Kijiji kisicho na vifaa vingi hivyo huweza kusikia kituo hafifu ambacho Same Mjini hakipatikani kabisa, ingawa mawimbi yamefika kwa nguvu ileile. Radi nazo, hasa wakati wa masika na vuli, huongeza mikwaruzo hata zikipiga mbali sana.

Kwa sababu hizo, jaribio la sehemu moja halitoshi. Anayepima usikivu anapaswa kuandika mahali, saa, masafa, aina ya antena na kiwango cha kelele, kisha arudie mchana na usiku, Same Mjini, milimani na Gonja. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na alama za wito za vituo vya ridhaa nchini huanza na 5H.