Adui Asiyeonyesha Pasi Mpakani

Chama cha Rotary kilizaliwa Chicago mwaka 1905, kikafika Nairobi mwaka 1930 na Kampala mwaka 1957. Wanachama wake ni watu wenye kazi zao, wanaotoa fedha na wakati wao ili visima vichimbwe na hospitali zipate vifaa.

Mtihani wao mkubwa ulikuwa polio. Mwaka 1985 waliahidi kugharimia chanjo kwa watoto wa dunia nzima. Mwaka 1988 ugonjwa huo ulikadiriwa kuwapata watu 350,000.

Katika nchi jirani ya Uganda, adui huyo alidhaniwa kushindwa mwaka 1996. Lakini mwaka 2009 aliingia tena kutoka nje, maana maradhi hayaonyeshi pasi mpakani. Ilibidi kampeni za chanjo zianze upya. Hatimaye, tarehe 25 Agosti 2020, Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio.

Ndugu askari, bunduki haizuii maradhi, wala fedha za wahisani hazijipeleki zenyewe kijijini. Jirani akiugua, nasi hatu salama. Basi anayelinda njia ya mchanjaji analinda taifa.