Kwa Nini Kanisa Linamkiri Kristo kuwa Mungu: Historia ya Ungamo na Maswali ya Tarime na Serengeti

Utangulizi

Mtumishi anayefundisha Ubatizo au Kipaimara katika wilaya za Tarime na Serengeti hukutana mapema na swali hili: Je, Yesu ni Mungu, au ni mtu mkuu aliyetumwa na Mungu? Swali hilo lilivuma katika mihadhara ya hadhara iliyoenea nchini miaka ya 1980 na 1990. Huletwa mlangoni na Mashahidi wa Yehova. Tena huulizwa na wazee ambao tangu kale wanamjua Mungu mmoja Muumba. Mara nyingi tunajibu kwa kutaja aya chache za Yohana, kisha tunanyamaza. Katika makala haya tunakusudia kueleza sababu zilizolifanya Kanisa liungame hivyo, na kuonyesha jinsi zinavyogusa maisha ya watu wa Mara.

1. Ibada ilitangulia mtaguso

Husemwa kwamba Uungu wa Kristo ulibuniwa Nikea mwaka 325 kwa nguvu ya Kaisari Konstantino. Historia haikubaliani na madai hayo. Paulo, akiwaandikia Wakorintho kwa Kigiriki katikati ya karne ya kwanza, aliacha neno moja la Kiaramu, Maranatha (1 Kor. 16:22), ambalo ni dua ya kumwomba Bwana aje. Neno hilo lisingefika Korintho kama halikutoka katika sala za Wakristo wa kwanza wa Palestina. Nao walikuwa Wayahudi, waliofundishwa tangu utoto kwamba Bwana ni mmoja (Kum. 6:4). Vilevile Wafilipi 2:10-11 inamhusisha Yesu na heshima ya kupigiwa magoti ambayo Isaya 45:23 humpa Mungu peke yake. Karibu mwaka 112 Pliny, liwali wa Kirumi wa Bithinia, alimwarifu Kaisari Trajan kwamba Wakristo hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Basi, zaidi ya miaka 200 kabla ya Nikea, Kanisa lilikuwa limekwisha kumwabudu Kristo. Maaskofu walikutana kueleza na kulinda kile ambacho waumini walikuwa wakikifanya magotini.

2. Swali la Ario

Ario, kasisi wa Aleksandria, hakukana ukuu wa Kristo. Alifundisha kuwa Mwana ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko vyote, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Hoja yake ni nyepesi kueleweka, kwa kuwa kila mwana tumjuaye huzaliwa baada ya baba yake. Mzee wa Kikuria akiisikia huenda akaikubali papo hapo.

Hata hivyo, lugha ya mzee huyo inatusaidia. Wakuria humwita Mungu Nyamohanga, jina linalotokana na kitenzi cha kuumba. Wajita husema Nyamuanga, na Wahaya Ruhanga, kwa mzizi uo huo. Basi na tuulize: Mwana yuko upande wa Yeye aumbaye, au upande wa vile vilivyoumbwa? Hakuna mahali pa katikati. Athanasio, aliyekuwa shemasi wakati wa Nikea na askofu wa Aleksandria tangu mwaka 328, alishikilia kwamba kuzaa si kuumba. Kwa mfano wa kwetu, mwanamke hufinyanga chungu, wala chungu si mtu. Lakini humzaa mtoto, na mtoto ni mtu kama yeye. Baba wa kibinadamu humtangulia mwanawe kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtoto, akakua. Mungu hakukua hata awe Baba baadaye. Kwa hiyo Nikea ilitamka kwamba Mwana amezaliwa wala hakuumbwa, naye ni wa asili moja na Baba.

Wala jambo hilo halikumalizwa kwa amri ya dola. Konstantino alibatizwa mwaka 337 na Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Mwanawe Konstantio aliwaunga mkono wapinzani wa Nikea, na Athanasio alifukuzwa kitini pake mara tano. Ungamo hilo lilithibitishwa Konstantinopoli mwaka 381, baada ya kupingwa na wenye enzi kwa miaka mingi.

3. Sababu ya wokovu

Kwa Athanasio, kiini cha mambo kilikuwa wokovu. Kiumbe hawezi kuwaunganisha viumbe na Mungu. Aliyeumba ndiye awezaye kuumba upya. Waandishi katika Marko 2:7 walikosea kumhukumu Yesu, lakini swali lao lilikuwa la haki: ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu?

Mara ina ushuhuda wake. Wamenoni walifika Shirati mwaka 1934, wakaendelea hadi Nyabasi kwa Wakuria. Mwaka 1942 Uamsho uliotoka Rwanda uliifikia Shirati. Waafrika na wamisionari waliungama dhambi wao kwa wao, wakaihubiri damu ya Yesu. Zedekia Kisare, aliyewekwa wakfu mwaka 1967 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa hilo, alilelewa katika moto huo. Watu wa Uamsho hawakuandika vitabu juu ya asili mbili za Kristo. Walimwomba Yesu msamaha, wakaamini kwamba wameupokea. Kama Yesu ni kiumbe, imani hiyo ilikuwa bure.

4. Kristo na wahenga

Padre Charles Nyamiti, Mtanzania, katika kitabu chake cha mwaka 1984 alimweleza Kristo kuwa Mhenga wetu. Yeye hakuuacha Uungu. Alimwona Kristo kuwa Mhenga kwa sababu ni Mungu aliyefanyika mtu. Wanaolichukua jina na kuiacha sababu ndio wanaopotea. Kwa Waikoma, Wanata na Wangoreme wa Serengeti, misambwa hufungamana na mahali, kama kilima au chemchemi, na wazao wa mahali hapo. Mhenga huwalinda walio wake. Huko Tarime, koo zimepigana kwa ajili ya ardhi na mifugo, na damu imemwagika. Mchungaji akisimama kati ya koo mbili kwa jina la mhenga wa Kiyahudi tu, atawaambia nini? Lakini akisimama kwa jina la Yeye ambaye kwake vitu vyote viliumbwa (Kol. 1:16), hakuna ukoo ulio nje ya mamlaka yake, wala wa nje ya amani yake (Efe. 2:14).

Hitimisho

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linakiri imani ya Nikea katika kifungu cha 1 na asili mbili za Kristo katika cha 3, ndipo linafika kwenye kuhesabiwa haki katika cha 4. Utaratibu huo una maana: haki yetu ina uzito sawa na Yeye aliyetupatia. Yatupasa basi, katika mafundisho yetu, tuanze pale Kanisa lilipoanzia, yaani katika sala. Tumwulize mwanafunzi wa Kipaimara kama anamwomba Yesu, na anamwomba nini. Jibu lake litatufungulia mlango wa Nikea.