Binti wa Kitawala Malishoni: Picha za Nasaba, Ardhi na Kumbukumbu za Familia katika Kasese na Bwera

Makala haya yanajadili picha za malishoni, yaani taswira zinazomwonesha binti wa ukoo wa kitawala akiwa amezungukwa na mbuga, miti au mifugo, na yanauliza swali moja: ardhi iliyo nyuma yake ni ya nani? Hoja yetu ni kwamba taswira hizi huhifadhi sura ya mmoja na papo hapo huwafuta walioishi katika ardhi hiyo.

Desturi hii ilishamiri Ulaya katika karne ya 17. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1660, Peter Lely alimchora Barbara Villiers, mwanamke wa tabaka la juu, katika umbo la mchunga kondoo. Bibi huyo hakuchunga mifugo. Uchungaji ulikuwa vazi la kupambia hadhi. Mchungaji halisi hakuchorwa.

Kasese inatupa mfano ulio kwenye ramani badala ya turubai. Nyanda za malisho za Wasongora ziliingizwa katika Hifadhi ya Kazinga iliyoanzishwa mwaka 1952. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II, akiwa na umri wa miaka 28, aliizuru Uganda, na hifadhi ikapewa jina lake. Jina la malkia kijana likabaki katika mandhari, wafugaji wakaondolewa. Mgogoro wa ardhi baina yao na wakulima Wakonzo uliendelea hadi Serikali ikalazimika, mwaka 2007, kuwagawia ardhi.

Ushahidi wa kuisahihisha historia hii unapaswa kutafutwa pia katika albamu na kuta za nyumba, kutoka mjini Kasese hadi Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Ushahidi huo hauna kinga. Shambulio la tarehe 27 Novemba 2016 dhidi ya ikulu ya Rwenzururu liliua watu zaidi ya 100 na kuteketeza majengo. Wazee wanaoweza kumtaja binti aliye pichani, na kilima kilicho nyuma yake, nao wanapungua.

Tunapendekeza picha zinakiliwe kidijitali huku nakala asilia zikibaki mikononi mwa familia, na kila moja iambatanishwe na masimulizi ya Wakonzo na ya Wasongora kuhusu mtu, mahali na matumizi ya ardhi. Katika mashauri ya ardhi, picha isipokelewe kuwa ushahidi bila masimulizi ya pande zote mbili.