Mvuke wa Olkaria

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya leo hutokana na mvuke wa chini ya ardhi, na mwingi wa mvuke huo hutoka Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha. Lakini haukupatikana kwa siku moja.

Visima viwili vya kwanza vilichimbwa katika miaka ya 1950. Havikuridhisha, kazi ikaachwa. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani, na nchi zisizo na mafuta, kama yetu, zikaumia. Hapo uchimbaji ukatiliwa mkazo, hata mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha umeme. Kufikia 1985 mitambo ilikuwa mitatu, jumla megawati 45. Msomaji atambue kwamba kilichotusukuma wakati ule hakikuwa hofu ya moshi wala ya joto la dunia. Ilikuwa hofu ya gharama.

Miaka hiyo nilikuwa nikifundisha jiografia. Nilichora ubaoni maji yakipenya ardhini, mwamba wa moto ukiyachemsha, na mvuke ukipanda kisimani kwenda kuzungusha mashine. Pembeni niliandika neno moja, "safi", nikalipigia mstari. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza ni nani wanaoishi juu ya mwamba ule, nami sikuwaambia.

Mwaka 2014 ulipozinduliwa mtambo wa Olkaria IV, wa megawati 140, familia za Wamaasai zilikuwa zimehamishwa kuupisha mradi. Baadhi yao walilalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizoukopesha mradi fedha, kuhusu hati za ardhi na riziki yao. Mwaka 2015 jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia lilibaini kwamba benki hiyo haikuzifuata ipasavyo baadhi ya kanuni zake yenyewe. Pande zote zikakaa na wasuluhishi, na mwaka 2016 zikatia saini makubaliano.

Sijutii kuusifu mvuke ule. Bila huo tungechoma mafuta mengi zaidi, na ukame unapokausha mabwawa, wenyewe haukauki. Ila ningerudi darasani leo, ningechora mchoro ule ule, kisha juu ya mwamba ningeongeza boma na ng'ombe wachache, ndipo niwaulize wanafunzi kama neno lile la pembeni libaki au lifutwe.