Mark Fidrych: Jamaa Aliyeongea na Mpira

Wasee, leo ni besiboli. Najua, wengi wetu tumeuona huo mchezo kwa sinema tu. Lakini kuna jamaa mmoja wa Detroit ambaye hesabu zake nimezirudia kuliko hesabu zozote nilizofunzwa chuo kabla sijatoka, na kila nikizirudia nakasirika upya.

Anaitwa Mark Fidrych. Alizaliwa Worcester, Massachusetts, mwaka wa 1954. Detroit Tigers walimchagua 1974, raundi ya 10, yaani majina mengi yalikuwa yameshasomwa kabla ya lake. Kazi yake ilikuwa kurusha. Mrushaji ndiye anautuma mpira kwa mpigaji wa timu ile nyingine, na mechi ya kawaida ina vipindi 9. Mrushaji mmoja akimaliza vyote 9 bila kubadilishwa, huo ni mzigo. Shika hiyo, tutarudi.

Mwaka wa 1975 Tigers walikuwa wamepoteza mechi 102. Timu ya kuhurumiwa. Halafu tarehe 15 Mei 1976 wakamwanzisha huyu kijana wa miaka 21 dhidi ya Cleveland. Vipindi 6 vya kwanza Cleveland hawakupata pigo hata moja. Alimaliza mechi mwenyewe, wakashinda 2-1.

Na si kushinda tu. Jamaa alikuwa anaongea na mpira! Anapiga magoti katikati ya uwanja anasawazisha udongo kwa mikono yake, kama mtu anapanda sukuma. Mpira ukipigwa vizuri anaurudisha kwa mwamuzi, apewe mwingine, eti huo umeshakuwa na bahati mbaya ndani. Alikuwa mrefu, nywele za manjano zimejikunja, wakambatiza The Bird kwa sababu ya yule ndege mkubwa wa Sesame Street.

Tarehe 28 Juni alikutana na Yankees, televisheni ya nchi nzima inaonyesha, watu zaidi ya 47,000 uwanjani. Aliwashinda 5-1 kwa muda usiofika saa mbili, na watu wakakataa kwenda nyumbani mpaka atoke tena awasalimie.

Sasa hesabu. Msimu huo alishinda 19, akapoteza 9. Kwa kila vipindi 9 aliruhusu wastani wa alama 2.34, na hakuna mrushaji wa ligi kuu aliyemshinda hapo. Akachukua tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi yake. Mechi 18 alizoanza nyumbani zilileta watu zaidi ya 600,000, wakati timu ilipata karibu milioni 1.5 msimu mzima kwa mechi kama 80 za nyumbani. Mshahara wake? Dola 16,500. Gawanya mwenyewe: haifiki senti 3 kwa kila kichwa kilichokuja kumwona. Baadaye walimpa bonasi na mkataba mpya, sawa, lakini wakati uwanja unajaa, hizo ndizo zilikuwa pesa zake.

Turudi kwa ule mzigo. Alianza mechi 29 na akamaliza 24. Kuna mbili zilizofuatana, moja dhidi ya Milwaukee na nyingine Texas, ambazo zilifika vipindi 11, na zote alizimaliza yeye. Utaambiwa ndivyo mambo yalivyokuwa enzi hizo. Ni kweli, Jim Palmer wa Baltimore alimaliza 23 mwaka huo huo na akaendelea vizuri tu. Lakini Palmer alikuwa na miaka 30 na mwili uliozoea. Huyu alikuwa mtoto.

Mapema 1977, wakijiandaa kwa msimu, aliumia goti akikimbizana na mipira uwanjani. Akarudi Mei. Na mtu ametoka kuumia, unadhani walimpumzisha? Alianza mechi 11, akamaliza 7. Mwezi wa Julai, katikati ya mechi na Baltimore, mkono ukafa tu. Waliobaki husema goti ndilo lilimharibia mtindo wa kurusha. Mimi nasema goti lilipata mkono umeshachoka.

Yaliyofuata ni mafupi. 1978 alicheza mechi 3. 1979 mechi 4, hakushinda hata moja, wastani 10.43. 1980 mechi 9, ya mwisho ikiwa tarehe 1 Oktoba. Jumla: mechi 58, ushindi 29, kupoteza 19, wastani 3.10. Ukiisoma hiyo 3.10 peke yake utadhani ni mrushaji mzuri wa kawaida. Wastani hauonyeshi kwamba 19 kati ya hizo 29 ni za mwaka mmoja.

Alijaribu tena na timu ndogo ya Boston kule Pawtucket mpaka 1983. Ni 1985 ndipo daktari James Andrews alipopata shida yenyewe: kano za bega zilikuwa zimechanika. Miaka minane manze! Alikuwa anarusha na bega lililochanika na watu wanamwambia ni kichwa chake.

Wanaomwandika hupenda kusema eti alipotea. Alipotea wapi? Alikuwa Northborough, kwa shamba lake, na lori la magurudumu 10 akibeba kokoto na mchanga. Mimi pia majirani huniuliza nilipotelea wapi, na mlango wangu wanaupita kila siku. Tarehe 13 Aprili 2009 alikuwa chini ya hilo lori akilitengeneza, likamuua. Alikuwa na miaka 54.