Ngũgĩ wa Thiong'o na Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ

Tunapoadhimisha Jamhuri hapa Uingereza, tumkumbuke Ngũgĩ wa Thiong'o, mwana wa Limuru aliyefariki Marekani tarehe 28 Mei 2025.

Mwaka 1962, akiwa mwanafunzi wa Makerere, tamthilia yake The Black Hermit ilichezwa Kampala katika sherehe za uhuru wa Uganda. Mwaka 1964 ikachapishwa riwaya ya Weep Not, Child. Sifa alizipata, lakini kazi hizo zilikuwa kwa Kiingereza, na wengi wa wachuma chai wa kwao hawakuweza kuzisoma.

Basi akarudi kijijini. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ walijenga jukwaa kwa mikono yao, wakaigiza maisha yao wenyewe: ardhi iliyoporwa na ujira usiotosha. Mchezo ulianza Oktoba 1977. Baada ya wiki chache serikali ikaupiga marufuku. Ngũgĩ akawekwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa. Humo aliandika riwaya kwenye karatasi za choo, ile tunayoijua kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, siku ya Jamhuri. Mwaka 1982 jukwaa lilibomolewa, naye akaanza maisha ya uhamishoni hapa London.

Sisi wauguzi tunayaona wodini: mzee akizidiwa, Kiingereza humtoka, ikabaki lugha ya mama. Siku hiyo ikitufika, wanetu watatuelewa? Tuongee nao lugha zetu leo, tungali na nguvu.